turbo

turbo *nm* [i-/zi-] kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusindilia hewa zaidi ndani ya silinda: *Turbo ya Subaru hii haisukumi hewa ya kutosha, gari halivuti likipanda kutoka Babati kwenda Katesh.*

Matumizi: Kauli *turbo imekufa* hutolewa kwa kila gari lililopungukiwa nguvu. Ni sahihi pale shafti yake inapolegea au mapanga yake yanapovunjika. Mpira ukipasuka au kibano kikilegea, sauti ya kufoka husikika dereva akikanyaga mafuta. Hapo isemwe *hewa inavuja*, kwani turbo yenyewe ni nzima. Aidha, Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mipira ikaguliwe kabla ya kununua turbo nyingine: kauli isiyo sahihi humgharimu mwenye gari.