Kadi ya bima, karatasi ya rufaa na maandishi ya daktari: mambo ya kujua kabla ya kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam

Anayemleta mgonjwa Dar es Salaam kutoka mkoani hafikii hotelini. Anafikia kwa ndugu: Mbagala au Chamazi kama amekuja kwa barabara ya Kilwa, Bunju au Tegeta kama ametokea Bagamoyo, Mbezi au Kimara kama ametokea Morogoro. Usiku huohuo swali linaanza: kesho twende hospitali ipi, na hii kadi ya bima tuliyokuja nayo itapokelewa? Wenyeji wengi hujibu haraka, "Nendeni Muhimbili moja kwa moja." Wanasema kwa nia njema, lakini ushauri huo unaweza kukufanya ulipe fedha taslimu kwa matibabu ambayo bima yako ingeyalipia sehemu nyingine.

Tuanze na mpangilio wenyewe, maana bima inaufuata huo.

Huduma za afya za serikali zimepangwa kama ngazi. Chini ipo zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Juu ya hapo ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu ya kanda, na juu kabisa Hospitali ya Taifa Muhimbili pamoja na taasisi za magonjwa maalumu: MOI kwa mifupa na mishipa ya fahamu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Ocean Road kwa saratani. Dar es Salaam ina hospitali tatu za rufaa za mkoa. Upande wa Kinondoni ni Mwananyamala, upande wa Ilala ni Amana, na upande wa Temeke ni hospitali ya Temeke yenyewe. Wilaya za Ubungo na Kigamboni ni changa, zilikatwa kutoka Kinondoni na Temeke, ndiyo maana wazee wa huko bado wanasema "hospitali yetu ni Mwananyamala" au "ni Temeke".

Neno rufaa huwachanganya watu. Mahakamani, rufaa hukatwa na aliyeshindwa kesi. Hospitalini hukati rufaa, unapewa. Ni karatasi ambayo daktari wa ngazi ya chini anaandika kwamba amefanya aliloweza, ugonjwa umezidi uwezo wa kituo chake, na sasa anamwomba daktari wa ngazi ya juu aendelee. Karatasi hiyo inabeba jina la mgonjwa, vipimo alivyofanyiwa, dawa alizopewa na jina la hospitali anakopelekwa. Jina hilo la hospitali ndilo la kuangalia kwa makini kabla hujaondoka.

Chukua mfano wa mtu wa Mkuranga. Mkuranga iko mkoa wa Pwani, na hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Lakini ukitoka Mkuranga kwenda Kibaha kwa basi, unapita Dar es Salaam! Temeke iko karibu zaidi kuliko hospitali ya mkoa wako mwenyewe. Kwa hiyo usikubali kuandikiwa tu ukaondoka. Mwambie daktari kwamba ndugu wa kukupokea wako Mbagala, muulize kama anaweza kukuandikia Temeke, na muulize kama bima yako itakubali. Swali hilo ukiliuliza Mkuranga linachukua dakika mbili. Ukiliulizia dirishani Temeke, huku mgonjwa amelala kwenye benchi, linaweza kuchukua siku nzima.

Dharura haina mpangilio huu. Ajali, mtoto mwenye degedege, mtu aliyepoteza fahamu, mama anayetokwa damu: kimbilia kituo kilicho karibu. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, upo usafiri wa dharura wa m-mama, unapiga 115 bila malipo. Na aliyeumizwa kwa kupigwa au kwa ajali ya barabarani ataulizwa fomu ya polisi, PF3. Ndugu mmoja aende kituo cha polisi kuifuata wakati mgonjwa anahudumiwa.

Kadi yako inafika wapi?

Watu husema "nina bima" kana kwamba bima ni moja. Kadi mbili zinazoonekana zaidi vijijini ni za CHF na za NHIF, na haziendi umbali sawa.

CHF ni Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na ukafanyiwa maboresho makubwa mwaka 2018. Baada ya maboresho hayo, kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kiwango kikapangwa juu zaidi. Kadi hii inaanzia zahanati na inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa rufaa. Haifiki Muhimbili. Hapo ndipo wengi wanapoumia: mtu ana kadi halali, ameilipia, anapanda basi usiku kucha, anafika Muhimbili asubuhi na kuambiwa alipe.

NHIF ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa serikali. Mfanyakazi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Kadi inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu wa shule ya kijijini kwenu anayo hii, na wazazi wake wanaweza kuwa wameandikishwa humo. Kadi ya NHIF inaweza kufika hadi Muhimbili, ila nayo inataka rufaa kwa huduma za ngazi za juu.

Kwa asiye na mwajiri mambo yamebadilika mara nyingi, na hatuwezi kusema yamebadilika kwa namna iliyo rahisi kufuatilia. Mwaka 2019 vilikuja vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Toto Afya Kadi, ambayo mzazi alimlipia mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishiwa usajili wa mtoto mmoja mmoja mwaka 2023, na wazazi wengi wakabaki wameshika pesa mkononi. Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkaazi wa Tanzania Bara awe na bima. Kwa sababu hiyo, bei aliyokutajia jirani aliyejiunga miaka miwili iliyopita usiitegemee. Uliza ofisi ya mfuko au ofisi ya mtendaji wa kijiji, na ukilipa, lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali, ile ambayo watu huiita kontroli namba. Anayekuomba umtumie pesa kwenye namba yake ya simu ili "akuharakishie" ni kishoka.

Mambo mawili zaidi kuhusu kadi. La kwanza, bima haikatwi siku ya ugonjwa. Ukijiunga leo kuna muda wa kusubiri kabla kadi haijaanza kufanya kazi, kwa hiyo uliza ni siku ngapi kabla ya kulipa. La pili, kadi inaweza kuwa haijaisha muda lakini dirishani ukaambiwa "haisomi". Pengine mwajiri hajapeleka michango, pengine jina halilingani na kitambulisho cha NIDA. Ukiwa na safari ya hospitali kubwa, hakikisha kadi inasoma kwenye kituo cha kwenu kwanza, siku chache kabla.

Na hata kadi inayosoma hailipii kila kitu. Orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa inaitwa kitita cha mafao. Kitita si jambo dogo. Tarehe 1 Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya chenye bei mpya, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kwa siku kadhaa kuwahudumia wanachama wake kwa kutokubaliana na bei hizo. Mwanachama hakuwa na kosa, lakini yeye ndiye aliyerudishwa mlangoni. Kabla ya kipimo kikubwa au dawa ya gharama, uliza: "Hii imo kwenye bima yangu, au nitalipa?"

Karatasi inasema nini?

Daktari anazungumza nawe Kiswahili, kisha anaandika Kiingereza. Ndivyo walivyosomeshwa, na faili lenu linasomwa na madaktari wengine. Lakini karatasi hiyo ni ya mwili wako, na alama nyingi zilizomo si ngumu.

Milangoni, OPD ni wagonjwa wa nje, wanaotibiwa na kurudi nyumbani. RCH ni kliniki ya mama na mtoto. CTC ni kliniki ya wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI.

Kwenye dawa, 1x3 maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa kutwa. Hapa kutwa ni saa 24, yaani kila baada ya saa nane, si asubuhi, mchana na jioni halafu basi. 2x2 ni vidonge viwili mara mbili. Wengine huandika OD kwa mara moja kwa siku, BD kwa mara mbili na TDS kwa mara tatu. PRN ni pale tu unapohitaji, kwa mfano maumivu yakizidi.

Zinazopotosha zaidi ni zile zinazofanana na hesabu za sehemu. 5/7 ni siku tano. 2/52 ni wiki mbili, kwa sababu mwaka una wiki 52. 3/12 ni miezi mitatu. Ukiona TCA 2/52, umeambiwa urudi baada ya wiki mbili. Mtu asiyejua anaweza kuisoma kama tarehe, au akadhani ni namba ya chumba.

Kwenye majibu ya maabara, NEG ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana, POS ni kwamba kimeonekana. MRDT ni kipimo cha haraka cha malaria, na Hb ni wingi wa damu.

O/S pembeni ya dawa maana yake haipo dirishani kwa sasa. Wenye NHIF wasikimbilie kununua. Waulize fomu ya 2C, ambayo hutumika kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na mfuko. Ipo pia fomu ya 2A/B, ambayo mwanachama huisaini baada ya kuhudumiwa. Sahihi yako inasema umepata kila kilichoandikwa, kwa hiyo usisaini fomu tupu. Sema tu, "Sista, samahani, naomba unisomee kwa Kiswahili hapa pameandikwa nini." Ni ombi la kawaida, hata kama foleni ni ndefu.

Asiye na kadi kabisa naye ana njia. Sera ya uchangiaji, iliyoanza mwaka 1993, ilikuja pamoja na misamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu. Asiyejiweza aje na barua ya serikali ya kijiji chake yenye mhuri, kisha aulize ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo ipo katika hospitali zote tatu za rufaa za mkoa hapa Dar es Salaam. Aende huko mapema, mgonjwa anapolazwa. Wengi huisikia ofisi hiyo siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshaandikwa.