Rika Lilikuwa Kundi, Siyo Mashindano

Una miaka 27. Usiku unaperuzi simu, unaona uliyekaa naye dawati moja kaposti nyumba yake. Mwingine kavishwa pete, mwingine yuko Dubai. Ghafla chumba chako cha kupanga, ambacho jana kilikuwa poa tu, kinaanza kukubana. "Nimechelewa," unajiambia.

Umechelewa wapi? Hebu turudi nyuma kidogo.

Enzi za mwaka wa nzige

Zamani, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, watu wengi hawakuijua tarehe yao ya kuzaliwa. Mtu alizaliwa mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, au wakati wa vita vya Mjerumani. Ndiyo maana wazee wengi wana vitambulisho vilivyoandikwa Januari 1. Karani alitaka tarehe, na mzee hakuwa nayo.

Chukua Wamasai. Kijana alitahiriwa akaingia rika, na rika moja lilikusanya vijana kwa takriban miaka 15. Yaani watu wawili waliweza kupishana miaka kumi na bado wakawa wa rika moja. Sherehe ya Eunoto iliwavusha pamoja kutoka ujana wa umorani kuelekea utu uzima. Tena morani hakutakiwa kula peke yake, lazima mwenzake wa rika awepo.

Siyo kwamba ilikuwa pepo. Mwenye ng'ombe wengi alijulikana, na aliyeonyesha woga siku ya kutahiriwa alidharauliwa. Lakini hakuna aliyemuuliza mtu, "Una miaka 25, mbona bado?" Swali lenyewe lisingeeleweka.

Halafu ikaja rejesta

Wamisionari na wakoloni walileta shule, na shule ikaja na rejesta, madarasa na mitihani. Taratibu watoto wa umri unaokaribiana wakawekwa chumba kimoja, wakapangwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Rika likageuka kuwa orodha ya matokeo.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani aliandika kwamba binadamu hupenda kujipima kwa watu wanaofanana naye. Ndiyo maana bilionea wa Ulaya hakukoseshi usingizi, ila yule wa dawati moja anakukosesha.

Zamani mkimaliza shule mlitawanyika. Aliyehamia Mwanza ulimsikia msibani tu, miaka mitano baadaye. Mwaka 2006 Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu mwenye miaka 13 na kuendelea, na darasa zima likarudi mkononi mwako. Tofauti ni kwamba safari hii kila mtu anajisahihishia mtihani wake mwenyewe, na anabandika maksi nzuri tu.

Mzee wa kaptula

Januari 2004, mzee mmoja wa Eldoret, Kenya, aliyepigana Mau Mau, alikwenda kuanza darasa la kwanza. Serikali ilikuwa imefuta ada za shule za msingi mwaka mmoja kabla. Alivaa sare: kaptula, soksi ndefu, fimbo mkononi. Alikuwa na miaka 84, akakaa na watoto wa miaka sita. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake na kuhesabu pesa zake bila kudanganywa.

Watu walicheka. Lakini mwaka uliofuata akawa kiranja mkuu, na mwaka huohuo akaenda New York kuzungumzia elimu kwenye Umoja wa Mataifa. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfanya mkimbizi ndani ya nchi yake, akahamia Nairobi na kuendelea na masomo. Alifariki 2009, hata shule ya msingi hajamaliza.

Kwa hesabu za rejesta, mzee yule alishindwa. Kwa hesabu yake mwenyewe, aliingia shule hajui kusoma, akatoka anajua.

Kumpongeza mwenye nyumba ni vizuri, na wivu kidogo hauui mtu. Ila picha ile haikuonyeshi mkopo wake, wala shamba alilopewa na baba yake, wala usiku anaolia. Kama kweli unataka rika, fanya kama morani: mpigie simu mmoja wao, mkale chakula pamoja. Ukikaa naye sahani moja, utamsikia akikuambia mambo ambayo hajawahi kuyaposti.