Saruji Inayojiziba Nyufa, na Chokaa ya Wazee Wetu

Neno saruji tunalitumia kila siku, na wengi wetu hudhani limekuja pamoja na mifuko iliyoteremshwa na meli. Sivyo. Neno hili ni la Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Wafursi. Huko Oman saruji ni udongo uliochomwa kwa magogo, ukapondwa na kukorogwa na maji, na kwa huo zilijengwa ngome na mifereji ya falaji kabla hakijakuwako kiwanda chochote. Basi jina tumelirithi, lakini kitu tulichokipa jina hilo leo ni kingine. Tofauti ya vitu hivi viwili inafaa ijulikane, kwani nyumba zetu za kale, na misikiti pia, zinaharibika kwa mikono ya watu wanaotaka kuzitengeneza.

Saruji ya leo ilianzia Uingereza. Mwaka 1824 mwashi mmoja wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya kuimiliki, akaiita Portland kwa kuifananisha na jiwe la mahali pale. Hukauka upesi na hubeba mizigo mizito, na hapana shaka imewafaa watu. Lakini zege lake hupasuka. Ufa ukishakuwako, hata mwembamba kama unywele, maji hupenya mpaka kwenye nondo, nondo zikashika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege mpaka likabanduka. Huku pwani, chumvi ya bahari huliharakisha jambo hilo. Aliyepita chini ya roshani ya ghorofa inayoelekea baharini ameziona nondo nyekundu zimetoka nje kama mbavu.

Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta zege litakalojiziba lenyewe. Mwaka 2006 Henk Jonkers, mtaalamu wa vijidudu katika chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, alianza kujaribu kutia bakteria ndani ya zege pamoja na chakula chao. Bakteria hao hulala humo kama mbegu kavu, na waweza kulala miaka mingi. Ufa ukitokea na maji yakaingia, huamka, wakala, na katika kula kwao hutengeneza chokaa inayouziba ufa. Jonkers ameonyesha kuwa nyufa za upana wa milimita 0.8 huzibika hivyo. Faida yake ni kuyazuia maji yasifike kwenye chuma; nguzo iliyokatika haiungi, na bei yake ni kubwa kuliko ya zege la kawaida.

Ama jambo lenyewe la ufa kujiziba si jipya. Mjini Roma liko jengo liitwalo Pantheon, lililomalizwa karibu na mwaka 126 katika enzi ya mfalme Hadrian. Kuba lake lina upana wa mita 43, ni la zege tupu lisilo na nondo hata moja, na mpaka leo hapana kuba jingine la namna hiyo lililolipita kwa ukubwa. Warumi walichanganya chokaa na jivu la volkeno kutoka pande za Pozzuoli. Ndani ya zege lao mna vidonge vyeupe vya chokaa, na kwa muda mrefu wataalamu walisema vidonge hivyo ni alama ya mafundi wavivu wasiokoroga vizuri. Mwaka 2023 Admir Masic na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichunguza ukuta wa mji wa kale wa Privernum, Italia, wakatoa maelezo mengine: chokaa ilitiwa ikiwa kali, kabla ya kuzimwa kwa maji, ndiyo maana vidonge vikabaki. Walitengeneza zege namna hiyo, wakalipasua kwa nusu milimita, wakapitisha maji. Baada ya wiki mbili maji hayakupita tena. Zege jingine, lisilotiwa chokaa hiyo, liliendelea kuvuja.

Wako watakaosema basi watu wa kale walikuwa na siri kubwa. Mimi nasema walikuwa na chokaa, na subira. Tena kuta zao hazikuwa na chuma cha kushika kutu. Tukiwalinganisha na sisi tulikumbuke hilo.

Sasa tuitazame chokaa yetu. Matumbawe ni chokaa iliyojengwa na wadudu wa baharini. Mafundi wetu waliyapanga juu ya magogo, wakayachoma, yakawa unga. Wakauzima kwa maji na kuuacha miezi kabla ya kuutumia. Ukishapakwa ukutani, unga huo huvuta hewa taratibu na kurejea kuwa jiwe, kama ulivyokuwa kabla ya kuingia motoni. Mzunguko huo ndio unaoponya ufa: maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo ndani ya ukuta, huichukua mpaka penye ufa, nayo hukutana na hewa ikawa jiwe tena. Mafundi wetu hawakuiunguza kwa njia ya Warumi wala hawakuitia kali, lakini tabia hiyo ya chokaa ni moja. Kwa chokaa na matumbawe yalijengwa makuba ya Msikiti Mkuu wa Kilwa katika karne ya 14, na huko Kizimkazi ukuta wa kibla una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini, na huutoa nje kupitia chokaa. Tukiupaka lipu ya saruji tumeuziba pumzi. Unyevu hupanda juu, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya lipu, na lipu ikianguka hung'oa na matumbawe. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani navyo huoza. Mwenye nyumba huona lipu imeanguka, naye huongeza saruji!

Penye ukuta kama huo, saruji itolewe polepole kwa mkono, si kwa nyundo nzito, na ukuta uachwe ukauke. Kisha upakwe chokaa na mchanga usio na chumvi, safu nyembamba juu ya safu, na kila safu ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa ili isikauke kwa pupa. Fundi akisema kazi itaisha kesho, atafutwe mwingine.