Kitivo kikihama, mwanafunzi hufuata: historia fupi ya kutafuta masomo ya uchumi

Saio, Bunia. Hapa mtaani swali hili halikosi: mtoto alianza chuo kikuu mahali pengine, vita vikavunja mwaka wake, sasa anataka kuingia uchumi au usimamizi wa biashara katika chuo kingine, ambako wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Itawezekana? Kabla ya kujibu, tuangalie nyuma kidogo. Katika nchi yetu, kuhama chuo si jambo la jana.

Kongo ilianza na Lovanium huko Leopoldville mwaka 1954, kisha chuo cha Elisabethville mwaka 1956. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Hakikumaliza hata miaka miwili kwa amani. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na masomo yakahamishiwa Leopoldville kwa muda. Basi wanafunzi waliokimbia na chuo chao tulikuwa nao tangu zamani.

Agosti 1971 Rais Mobutu aliunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Vitivo viligawanywa. Barua na sayansi ya jamii zilipelekwa Lubumbashi. Ualimu na saikolojia, Kisangani. Sheria na uchumi, Kinshasa. Kijana wa Ituri aliyetaka uchumi hakuwa na njia nyingine: afike Kisangani, halafu ashuke mto karibu kilomita 1,700. Wengi walikatishwa na nauli kabla ya mtihani.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na faida moja. Chuo kilikuwa kimoja, kwa hiyo aliyehama kampasi alibaki mwanafunzi wa UNAZA, na alama zake zilimfuata.

Majirani nao walipitia njia hiyo. Kati ya 1963 na 1970, Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Udaktari ulisomwa Makerere, sheria Dar es Salaam, biashara Nairobi. Mwanafunzi alivuka mpaka kufuata kitivo.

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kila kimoja kikajisimamia. Kuanzia 1989 vyuo vya watu binafsi viliruhusiwa. Masomo yakasogea karibu na nyumba zetu. Leo hapa Bunia kijana anaweza kusoma uchumi na usimamizi bila kupanda ndege. Ila kuna gharama yake: kila chuo sasa kina mlango wake, na kila mlango una mlinzi. Chuo kinachompokea ndicho kinachopima alama za kule alikotoka, kisha kinaamua aingie mwaka gani na somo lipi alirudie.

Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa masomo 2021-2022, umekusudiwa kupunguza taabu hiyo. Kila mwaka una krediti 60, na somo lililofaulu halipaswi kupotea. Lakini krediti isiyo na karatasi haihesabiwi.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mzazi, siku ya kukimbia tunabeba sufuria, godoro na mtoto mdogo. Ongeza bahasha moja: diploma ya Serikali na releve ya alama za kila mwaka. Piga picha za karatasi hizo, umtumie ndugu aliye mbali. Mwenye bahasha hiyo ataomba nafasi ya mwaka wa pili au wa tatu. Asiyekuwa nayo huenda akaanzia mlangoni, na wapya, hata kama kichwa chake kimejaa hesabu.