Tauni ya Sham na Korona ya Dzaleka

Katika ukhalifa wake, Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alisafiri kuelekea Sham. Alipofika Sargh alipata habari kwamba tauni imeingia katika nchi hiyo. Masahaba wakahitilafiana, hata Abdurrahman bin Auf alipowafahamisha agizo la Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, wala aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akarudi Madina.

Agizo hilo lilikuja kukumbukwa tena Dzaleka. Kambi hiyo imo katika wilaya ya Dowa, wilaya ya mji wa Mponela, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Wakimbizi walianza kupokelewa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na mwaka 2020 walikuwamo zaidi ya 40,000, wengi wao watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Wakaambiwa watengane, ilhali nyumba zao zimebanana!

Tarehe 20 Machi 2020 Serikali ilikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 100, na tarehe 2 Aprili wagonjwa wa kwanza wakatangazwa. Amri ya kuwafungia watu majumbani kwa siku 21 ilisimamishwa na Mahakama Kuu tarehe 17 Aprili, kwa kuwa walioipinga walihofia njaa ya maskini. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana mwili hauhifadhiwi kwa sabuni tu.

Walakini lililoumiza nyoyo zaidi lilikuwa mauti. Tarehe 12 Januari 2021 maradhi haya yaliwaua mawaziri wawili kwa siku moja, Lingson Belekanyama na Sidik Mia, naye Mia alikuwa Mwislamu. Kuosha maiti, kubeba jeneza, kukaa matangani: mambo ambayo kwayo mfiwa hupata faraja yakawa ndiyo ya kuogopwa. Sheria haikukosa njia. Maiti asiyeweza kuoshwa bila ya hatari hutayamamiwa, na aliyekufa kwa tauni huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Asiyefikiwa husaliwa akiwa mbali, kama Mtume alivyomsalia Najashi wa Uhabeshi.

Swala hiyo ya ghaibu si ngeni kwa mkimbizi. Aliyefiwa na mzazi Bukavu au Bujumbura, naye hana njia ya kurudi, alikuwa akiihitaji kabla ya korona, na angali akiihitaji.