Safari ya gitaa zito hadi Maziwa Makuu

Mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walipiga kambi katika studio moja ya Kampala. Kazi waliyoitoa huko iliingia sokoni Agosti 2020 kwa jina la Duma, ambalo ndilo jina la kundi lao, na magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yakaanza kugombania namna ya kuieleza. Ni metali? Ni kelele za kompyuta? Ni roki ya saikedelia, ile ya mwangwi na gitaa linalokwaruza, iliyopotelea gizani? Kila mwandishi alikuja na jibu lake.

Kwetu Goma, mji wa rumba, sebene na kwaya za kanisa, muziki wa namna hii huonekana kama mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Wapo wanaousikia dakika moja tu na kuanza kukemea pepo. Lakini ukifuata nyayo zake, unakuta umepita karibu sana na kwetu, tena zamani.

Chanzo chake ni kiwandani. Mwaka 1965, huko Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kukata mabati. Alijitengenezea ncha za bandia kwa kuyeyusha chupa ya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini, yenye uzito. Albamu ya kwanza ya kundi lake, Black Sabbath, ilitoka Februari 1970, na ile ya tatu, Master of Reality ya 1971, ilishusha gitaa zaidi. Tawi zima la metali, lile la mwendo wa kujikokota na huzuni nzito, limeota kwenye vidole hivyo vilivyojeruhiwa.

Haikuchukua muda mawimbi hayo yakafika kwa jirani zetu. Nchini Zambia, kwenye miji ya migodi ya shaba inayopakana na Katanga ya Kongo, vijana walikuwa na redio, sahani za santuri na mishahara ya migodini ya kulipia kiingilio cha maonyesho. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, nao wakaupokea wito huo kwa gitaa la umeme. Kundi la WITCH, likiongozwa na mwimbaji Emanyeo "Jagari" Chanda, lilitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, na hiyo ndiyo kazi ya Afrika ya wakati ule iliyoukaribia zaidi uzito wa Birmingham: gitaa lenye kutu, besi inayotambaa, maneno ya mtu asiye na raha. Kundi jingine, Musi-O-Tunya, lilirekodi Nairobi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha zikakauka, na UKIMWI ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Ndani ya WITCH ya mwanzo, Chanda ndiye aliyebaki hai kuusimulia ulimwengu.

Nairobi ililea metali yake polepole, kwenye baa na kumbi ndogo. Khanja alipitia kundi la Lust of a Dying Breed, Karugu akapitia Seeds of Datura. Iliyochapisha albamu yao ya Duma ni lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nyumba ileile iliyomtoa Mkongomani Rey Sapienz na kundi lake la Congo Techno Ensemble.

Sasa, Duma yenyewe. Hakuna mpiga ngoma. Ngoma zote zinatoka kwenye mashine, nyingine zikikimbia kuliko mkono wa mtu yeyote, na chini yake gitaa la Karugu linavuma kama jenereta iliyofungiwa chumbani. Mashabiki wa mwendo wa pole watalalamika kwamba kasi imezidi, nao wana haki. Uzito, hata hivyo, haupimwi kwa mwendo peke yake. Sauti ya Khanja hushuka hadi kwenye mkoromo, hupanda hadi kwenye kilio, na mara nyingine husahau maneno kabisa. Kosa la kawaida ni kuisikiliza kwa spika ya simu: masafa ya chini yanapotea, inabaki kelele tu. Inahitaji spika zenye besi, na majirani wavumilivu.

Aprili 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha, Haekalu. Ndani yake kuna kumbukumbu ya bibi mkuu wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha fildimasheli katika vita vya Mau Mau vya kupigania uhuru wa Kenya. Bibi huyo alifuga rasta zake tangu enzi za msituni, zikaja kukatwa mwaka 2022 na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, na akafariki Septemba 2023, miezi saba kabla kazi ya kitukuu wake haijatoka.