Tangi la samaki na mimea: mwongozo kwa anayeanza

Tangi la kioo lenye mimea hai na samaki wa aina mbalimbali ni pambo linalopendwa katika nyumba nyingi, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Muscat na London.

Hata hivyo, mara nyingi samaki wa mwanzo hufa katika muda wa wiki chache tu. Aliyewanunua hudhani ameuziwa samaki wagonjwa, huenda kununua wengine, nao hufa vilevile.

Sababu kubwa ni haraka. Samaki hutiwa katika maji ambayo bado hayajawa tayari kuwapokea. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuliandaa tangi dogo la maji baridi yasiyo na chumvi, na kwa nini kusubiri ni sehemu ya kazi yenyewe.

Chanzo cha wazo hili

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wanasayansi wenzake jaribio alilolifanya kwa chombo cha kioo cha galoni 12, yaani kiasi cha lita 54. Ndani yake aliweka samaki wadogo wa dhahabu na mmea wa majini uitwao Vallisneria.

Majani yaliyooza yalipoanza kuyachafua maji, aliongeza konokono wa kuyala. Baada ya hapo maji yalibaki safi bila ya kubadilishwa kila mara.

Warington alionyesha kwamba samaki, mmea na mdudu mla uchafu wanaweza kutegemeana. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la umma la kuonyeshea samaki, na tangu hapo ufugaji huu ukaenea duniani.

Jambo ambalo halikujulikana wakati huo ni kazi kubwa inayofanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, yaani bakteria.

Kwa nini samaki wapya hufa

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi chake. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza nayo hutoa amonia. Katika mto au ziwa sumu hiyo hutawanyika, lakini ndani ya tangi hubaki palepale na kuunguza mashavu ya samaki.

Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti. Naitriti nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Ndiyo maana samaki huonekana wakihema juu ya maji ilhali hewa inatosha.

Kundi jingine la bakteria huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huitumia kama mbolea.

Bakteria hawa huishi juu ya changarawe, juu ya majani na hasa ndani ya chujio. Katika tangi jipya hawapo, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi kiasi kinachotosha.

Vifaa

Anayeanza asichague bakuli wala tangi dogo mno. Katika maji machache, kosa dogo huwa msiba mkubwa. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba takriban lita 54, na linatosha kwa kuanzia.

Likijaa maji na changarawe, uzito wake hufikia kiasi cha kilo 70. Kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara iliyo sawasawa, mbali na dirisha lenye jua kali.

Vifaa vingine ni chujio, taa, kipimajoto, mfuniko, na vipimo vya amonia, naitriti na naitreti. Samaki wengi wa nchi za joto hupenda nyuzijoto 24 hadi 26 za Selsiasi. Katika majira ya baridi ya Ulaya, au Nairobi mwezi Julai, kifaa cha kupasha maji joto huhitajika.

Katika nchi za Ghuba tatizo huwa kinyume chake. Maji yakipata joto sana hupungukiwa na oksijeni, na amonia huwa kali zaidi. Tangi liwe katika chumba chenye kipoza hewa, tena kisizimwe wenye nyumba wanaposafiri.

Umeme nao una hatari zake. Kila waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lisiingie kwenye umeme. Zima vifaa vyote kabla ya kutia mkono majini.

Yajue maji yako

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini huua pia bakteria wa tangi na kuwadhuru samaki. Maji yakiachwa wazi kwa siku nzima, klorini hutoka.

Lakini katika miji mingine, London ikiwa mojawapo, maji hutiwa kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi. Huko ni lazima kutumia dawa ya kuiondoa, inayouzwa katika maduka ya samaki.

Jambo la pili ni ugumu wa maji. Maji magumu huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na sabuni haitoi povu kwa urahisi. Maji ya London ni magumu. Visima vingi vya mwambao wa Afrika Mashariki vina maji magumu, na vingine vina chumvi.

Ni rahisi zaidi kuchagua samaki wanaoyapenda maji uliyonayo kuliko kuyabadili maji kwa ajili ya samaki.

Kupanda mimea

Tandaza changarawe laini au mchanga ulioshwa vizuri, kina cha sentimita 5 hadi 7. Mchanga mweupe wa ufukweni haufai kwa tangi hili, kwa kuwa una vipande vya matumbawe na kombe vinavyoyafanya maji kuwa magumu zaidi. Ukiwa na shaka, dondoshea siki: ukiona povu, ujue kuna chokaa.

Mimea mitano ifuatayo haihitaji taa kali wala kuongezewa hewa ya kabonidioksidi:

- Anubias, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Ufungwe kwa uzi juu ya gogo au jiwe. Shina lake likifukiwa huoza.
- Jimbi la Java, kutoka Asia ya Kusini Mashariki, nalo hufungwa juu ya gogo.
- Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe, hufaa upande wa nyuma. Mimea ya jamii hii huota pia katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa.
- Cryptocoryne, wa Asia. Majani yake huweza kuyeyuka wiki za mwanzo, kisha mapya huchipua. Usiung'oe.
- Ceratophyllum, unaoelea bila mizizi na kukua upesi. Huu ndio msaidizi mkubwa wa tangi jipya, kwa sababu hufyonza amonia kwa wingi.

Panda mimea mingi tangu siku ya kwanza. Taa iwake saa 8 kwa siku. Ikizidi, mwani wa kijani hutapakaa kwenye kioo na majani.

Wiki za kusubiri

Jaza maji, washa chujio, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Chakula hicho kitaoza na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Ukiweza kupata sifongo la chujio kutoka katika tangi la zamani lenye samaki wazima, liweke ndani ya chujio lako. Litafupisha muda huo.

Pima maji mara mbili kwa wiki. Kwanza amonia hupanda, kisha hushuka naitriti ikipanda, na mwisho naitriti nayo hushuka. Pale amonia na naitriti zinaposoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, ingawa bado unatia chakula, tangi liko tayari. Uangavu wa maji si kipimo, kwa kuwa maji yenye sumu huweza kung'aa kama kioo.

Kuchagua samaki

Kwa maji laini, tangi la lita 54 linafaa neoni tetra 8, samaki wa Amazoni mwenye mstari wa buluu, pamoja na kambare 6 wa aina ndogo kabisa za jamii ya Corydoras, wanaotafuta chakula chini.

Kwa maji magumu, chagua madume 6 ya gapi na plati 4. Majike ya gapi huzaa mara kwa mara, na tangi hujaa upesi.

Usiwatie wote kwa siku moja. Anza na kundi moja, subiri wiki mbili huku ukipima maji, ndipo ulete la pili. Bakteria huongezeka kulingana na chakula wanachopata.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wakapenda kufuga sikilidi wenye rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao ni ndugu wa perege na furu. Ni samaki mashuhuri duniani, lakini si wa tangi hili. Wengi wao huhitaji maji magumu na mawe mengi, hugombea makao, na baadhi hufukua au kula mimea.

Samaki wa dhahabu naye huhitaji nafasi kubwa zaidi, kwani huweza kupita sentimita 20.

Matunzo ya kila wiki

Lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika katika dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi.

Sifongo la chujio lioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Ukiliosha kwa maji ya bomba utawaua bakteria uliowangoja wiki zote hizo.

Umeme ukikatika, usilishe samaki. Bakteria wa chujio huanza kufa wanapokosa maji yenye oksijeni, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba nzuri. Tangi lenye samaki wachache huhimili giza la saa kadhaa kuliko lililojaa.

Usiwatupe mtoni

Wapo wanaochoka na tangi, au wanaohama nchi, wakamwaga samaki na mimea mtoni. Ziwa Victoria linaonyesha gharama ya jambo hilo.

Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, lilionekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na mialo, likawazuia wavuvi kutoka, na hadi leo hurudi mara kwa mara upande wa Kisumu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2016.

Samaki usiowahitaji wape mfugaji mwingine au uwarudishe dukani. Mimea iliyopunguzwa ikaushwe juani kabla ya kutupwa. Maji ya zamani yamwage bustanini, kwa kuwa ile naitreti ambayo samaki hawaihitaji ni mbolea nzuri kwa mchicha.